Siku tatu za kimya kwenye chumba cha makohozi

Saa moja na robo asubuhi, Leodegar Nnunduma anapanga chupa kumi na moja za makohozi juu ya meza, moja moja, kwa utaratibu wa mtu asiye na haraka. Amefunga kitambaa puani. Dirishani upo mtambo mweupe, ukubwa wa kasha la redio, naye ameupa mgongo.

"Huo ndio mliokuja kuuona," anasema bila kugeuka. "Hata wewe, ndugu mwandishi, hukuja kwa ajili yangu."

Ni kweli. Mwandishi alitumwa kwenye zahanati hii ya kifua, hatua chache kutoka Mnazi Mmoja, aandike habari za mtambo unaotumia sauti kusaidia kugundua kifua kikuu. Aliyoondoka nayo ni habari ya mtu mwenye wivu, na mwenyewe hafichi.

"Andika hivyo hivyo. Wivu ninao."

Leodegar ana miaka arobaini na sita. Alitoka kwao Ndanda, kusini, mwaka 1958 kutafuta kibarua bandarini, akaambulia kazi ya kufagia wodi, na kutoka kwenye ufagio akaingia maabara. Kwa miaka kumi na minne sasa anaandaa makohozi. Mshahara wake ni shilingi 420 kwa mwezi, na kwao, mtaa wa Gerezani, wako saba katika vyumba viwili vya kupanga.

Kazi yenyewe haina sifa. Kohozi zito huficha vimelea, kwa hiyo lazima lilainishwe mpaka liwe maji, ndipo lizungushwe kwa mashine, vimelea vizame chini, vipakwe kwenye kioo na kutazamwa kwa hadubini. Leodegar alikuwa analainisha kwa dawa kali na nguvu za mikono: anatia, anafunga, anatikisa dakika ishirini, kisha anachukua chupa nyingine. Vidole vimebabuka. Mkono wa kulia haunyanyuki tena kupita bega.

Machi mwaka jana, 1976, ukaletwa mtambo wa msaada. Wenyewe hutikisa kwa mawimbi ya sauti kali mno, kiasi kwamba sikio la mtu haliyasikii. Chupa iliyofungwa inasimamishwa kwenye beseni la chuma lenye maji, swichi inabonyezwa, na baada ya dakika mbili kohozi limekuwa maji.

Kabla haujafika, ilitangazwa nafasi moja ya kwenda Ulaya miezi mitatu kujifunza kuutumia. Leodegar alijua ni yake. Kamati ya wafanyakazi ikamchagua Mboni Kipande, binti wa miaka ishirini na minne mwenye cheti cha kidato cha nne.

"Nilishanunua sanduku Kariakoo," anasema. "Mke wangu alimwambia jirani, jirani akaambia mtaa mzima. Sasa linahifadhi kanga."

Anaifuta meza ambayo tayari ni safi.

"Mboni nilimfundisha mimi kushika chupa. Alikuwa anaogopa hata kufungua kifuniko. Akarudi na koti zito na picha za theluji, akaanza kunielekeza."

Siku wageni wa wizara walipokuja, mpiga picha alimwomba Leodegar asogee kidogo, anauziba mtambo. Akasogea.

Mtambo huo una mwiko mmoja, nao ni joto. Mawimbi hupasha maji moto, na maji yakipata moto, vimelea navyo hupasuka pamoja na kohozi. Kwenye kioo hakionekani kitu, na mgonjwa anaandikiwa kuwa mzima. Ndiyo maana beseni hutiwa barafu, inayonunuliwa kila asubuhi mtaa wa Msimbazi na kuletwa kwa baiskeli, imefunikwa maranda ya mbao.

Mwezi wa Ramadhani ulipoingia mwaka huu, muuza barafu akaanza kuwawekea wateja wa futari. Asubuhi hana cha kuuza. Mboni akaona maji ya mtungi yanatosha, maana alipotia kidole kabla ya kuanza aliyakuta baridi. Chupa za kwanza zilikuwa salama. Kuanzia ya tano maji yalikwisha kupata moto, na Mboni hakuwa na sababu ya kutia kidole tena.

Hapo ndipo penye kisa chote. Mboni huzitoa chupa kwa koleo, kama alivyofundishwa. Leodegar huzipokea kwa mkono mtupu, kama alivyozoea.

"Ilikuwa na joto la uji wa mtoto," anasema. "Nikajua pale pale. Nikapiga kimya."

Alinyamaza siku tatu. Anayasema haya mbele ya Mboni mwenyewe, ambaye ameinamia daftari lakini haandiki.

"Nilisema moyoni, wacha waharibikiwe, wizara wajue nani anajua kazi."

Siku ya tatu Shaibu Likwena, mchukuzi wa magunia katika soko la Kariakoo, akapewa jibu: hana kifua kikuu. Leodegar alikuwa mlangoni. Alikuwa ameliona kohozi la Shaibu na nyuzi zake za damu, na kwa macho yake ya miaka kumi na minne hakuwa na shaka. Shaibu akamshika mkono kwa furaha.

"Nashukuru sana, mzee. Mke wangu kajifungua juzi, nilikuwa naogopa hata kumpakata mtoto."

Akaenda zake. Leodegar anasema alisimama pale mpaka mtu mwingine alipomwomba njia. Kisha akaingia ndani.

"Mboni, maji yako yana moto. Tangu juzi."

"Tangu juzi?"

"Tangu juzi."

Mboni hakupandisha sauti. Alimuuliza tu Leodegar, kwa jina la mwanawe, "Baba Candida, ulikuwa unangoja nini?"



Kilichowanusuru ni desturi ya Leodegar ya kuacha nusu ya kila kohozi kwenye friji mpaka wiki iishe, desturi ambayo Mboni aliwahi kuiita ya kizamani. Wakazitoa chupa thelathini na moja, wakazirudia zote kwa mikono, wote wawili, mpaka mikono ya Mboni ikavimba. Kesho yake adhuhuri majibu yakatoka. Wawili walikuwa na ugonjwa. Mwanamke wa Msimbazi alipatikana nyumbani kwake siku hiyo hiyo. Wa pili alikuwa Shaibu.

Kwenye daftari anwani yake ilikuwa neno moja, "sokoni". Walizunguka Kariakoo juu na chini, wakamkuta Shimoni, sehemu ya soko iliyo chini ya ardhi, akishusha viazi. Akasikiliza gunia likiwa bado mgongoni.

"Nani aliyekosea?"

Mboni alifungua kinywa. Leodegar akamtangulia. "Mimi."

Shaibu akalitua gunia. "Jana nimelala na mtoto kifuani," akasema.

Huu ni mwezi wa nne Shaibu anachomwa sindano, na mwanawe anapewa dawa ya kinga. Leodegar alipewa barua ya onyo, na anasema ilikuwa ndogo kuliko kosa. Kila Shaibu anapofika, swali la Leodegar ni moja: mtoto anakohoa? Hadi wiki iliyopita jibu lilikuwa hapana.

Jioni anahudhuria masomo ya watu wazima, Kiingereza na hesabu, akikaa na watu wenye umri wa wanawe. Inasemekana nafasi ya pili ya mafunzo itatoka mwakani, naye ameshapeleka ombi. Alipoulizwa kama wivu umekwisha, alitikisa kichwa.

"Akiuwasha mtambo tu, wivu umerudi. Lakini naomba nipate nafasi ile. Nataka siku moja niwashe mimi, na yeye apokee chupa. Ikiwa na joto, nione atanyamaza siku ngapi."

"Nitakwambia hapo hapo, Baba Candida," anasema Mboni, macho yakiwa bado kwenye daftari.

"Najua," anajibu Leodegar. "Ndicho kinachoniuma."