Mwenyekiti Aliyekataa Kufutwa

Usiniambie nilikuwa na njaa au malaria. Nilikuwa mzima kabisa, mchana wa Jumamosi, katika ofisi ya ushirika wetu wa wavuvi pale Otonglo, nikimalizia chapati.

Uchaguzi ulikuwa Jumatatu. Kamati ilinitaka nifute wanachama marehemu kwenye mfumo, maana ujumbe wa kuwaita wapige kura ulikuwa unaingia kwenye simu za wajane. Kazi ndogo, sivyo? Kila nikifuta, inafika katikati inakwama, na marehemu wote wanarudi. Mwishowe nikagundua. Hifadhidata ikifuta kitu, kwanza huweka pembeni nakala ya zamani, ili kazi ikiharibika irudishe kila kitu kilivyokuwa. Hapo pembeni tunapaita rolbeki. Aliyetuwekea mfumo alipawekea kikomo kidogo mno, na marehemu wetu walikuwa wengi. Pakijaa, kazi yote inatanguka.

Nikaanza kuongeza kile kikomo. Ndipo mtu akakohoa nyuma yangu.

Alikuwa Mzee Odhiambo, mwenyekiti wetu wa zamani, ndani ya suti ya kijivu. Niamini, alikuwa yeye. Mimi mwenyewe nilikula wali kwenye mazishi yake kule Katito.

"Nyathina, mwanangu," akasema taratibu, "hiyo nafasi iache ilivyo."

"Mzee, lakini wewe ulikufa."

"Najua. Nilihudhuria. Wali haukuiva."

Akavuta kiti, akanieleza shida yake. Kufa alishazoea, kilichomshinda ni kumwachia Ouma, naibu wake, uenyekiti. Nafasi ikibaki ndogo hatafutika, na jina lake litapigiwa kura. Ungefanya nini wewe? Nilimhurumia, lakini wanachama wapya hawangeweza kuandikishwa mpaka kazi ile iishe, nikamwambia hivyo. Kisha akakaza tai, akaniomba nisubiri kwanza asimame, kwa sababu mwenyekiti hafutwi akiwa amekaa.

Nikaongeza nafasi, nikafuta, nikathibitisha. Kugeuka, hayupo.

Jumatatu mtandao ukagoma, watu wakapiga kura kwa kuinua mikono. Mjane wake akasimama akapendekeza jina la Mzee Odhiambo. Nikadhani ni utani. Ukumbi mzima ukainua mikono, hata Ouma.

Mpaka leo ndiye mwenyekiti wetu. Ouma anaongoza mikutano akiwa kando ya kiti kitupu, na kila akitaka kuamua jambo hukitazama kwanza. Mimi Jumamosi sigusi kompyuta, hata uniite nani.

Nawe unayefanya kazi hii, kabla ya kufuta watu, ongeza nafasi, kisha geuka uone ni nani yuko nyuma yako. Kompyuta itakutii. Watu ni habari nyingine.