Kinda Juu ya Mtarakwa

Naikumbuka asubuhi moja ya baridi kule kwetu juu ya Timau, mwanangu, na kila nikiikumbuka moyo huniuma upya. Nilikuwa msichana wa shule, niko nyumbani kwa likizo. Mama alikuwa mgonjwa wa miguu, hawezi kutembea. Jua likitoka tulimbeba nje, tukamketisha kando ya jikoni na blanketi magotini. Kazi iliyombakia ilikuwa kuchambua maharagwe na kutazama ndege.

Mbele yake, mpakani mwa shamba la viazi, ulisimama mtarakwa mrefu, na juu yake mwewe wawili wa mkia mwekundu walikuwa na kiota. Mama aliwajua kama majirani. Alituambia dume ndiye mwindaji, anakamata fuko wanaotafuna viazi vyetu, naye jike hukaa na kinda, akirarua nyama vipande vidogo na kumlisha. "Kama mimi na nyinyi," alisema, akacheka. Siku hizo kucheka kwake kulikuwa adimu.

Basi vifaranga vya kaka yangu Mutwiri vikaanza kupotea. Mama akamwambia, "Si hawa. Ni kipanga yule mdogo, anapita chini chini akitoka msituni. Paka vifaranga rangi, uvifungie mpaka vikue." Maana kwetu vifaranga hupakwa rangi ya waridi ili ndege asivitambue.

Mutwiri akajibu, "Mami, hiyo ni mambo ya kitambo. Mwizi anakaa pale juu, kwani hatumuoni?"

Ujana una macho makali, mwanangu, lakini subira hauna. Akachukua kifaranga kilichokufa, akakipaka dawa ya wadudu, akakiacha uwanjani. Asubuhi hiyo ninayokusimulia, jike akashuka akala. Hakufika mbali. Alianguka mbele ya Mama, mabawa wazi, na Mama akapiga kelele hata majirani wakaja mbio.

Yaliyofuata ndiyo yaliyotuvunja. Dume aliendelea kuwinda. Alileta fuko kiotani, akaweka, akaenda kutafuta mwingine. Nyama ikarundikana, na kinda akalia juu ya chakula asichojua kukirarua. Mutwiri alijaribu kuupanda mti, akateleza, akachubuka kifua chote. Tulimsikia kinda mpaka sauti ikafifia, ikanyamaza. Na siku ile aliponyamaza, kipanga akapita chini chini, akabeba kifaranga mbele ya macho yetu.

Mutwiri akapiga magoti. "Mami, nisamehe. Nilikosea."

Mama akamshika kichwa. "Nimekusamehe, mwana wakwa, mwanangu. Lakini yule mtoto, nani atamwomba msamaha?"

Tangu hapo alikataa kutolewa nje. "Niacheni ndani," alisema, "huko sina wa kutazama." Hakuumaliza msimu ule wa baridi. Mutwiri ni mzee sasa, na kuku hajafuga tena.

Nakueleza haya kwa sababu nimesikia vifaranga vyako vinabebwa, nawe umeshanunua dawa. Sikulaumu, hasara inauma. Ila majuto ni mjukuu, na mimi mwenye wajukuu tele nakuambia huyo ndiye hapendezi kumpakata. Sumu haiulizi jina. Unamtegea mwizi, anakuja mwenye njaa, na nyuma yake yupo anayemngojea. Kwa hiyo irudishe dukani. Kaa uangalie kwanza, umsikilize anayeangalia kila siku hata kama miguu yake haitembei. Usipomjua mwenye kosa, funga banda lako, usihukumu. Msamaha upo, mwanangu, tena hutolewa bure, lakini haulishi kinda.

Mungu akupe macho yanayotangulia mkono. Shamba lako lizae, kuku wako waongezeke, na wanaokungojea nyumbani wasikungojee bure.