Jina Nililompa Mama Kavira Kwenye Simu

Mmekuwa mkiniuliza mbona siku hizi namba zote kwenye simu yangu nimeziandika kwa majina kamili, la ubatizo na la kuzaliwa, kama karani wa parokia, na mimi nimekuwa nikijibu kwamba napenda utaratibu. Si kweli. Niliaibika Bwera, kule mpakani na Kongo, mbele ya watu ambao nilitaka waniite mkwe, na kwa kuwa wengine mmeshasikia vipande vyake kutoka kwa Baluku (tena vile vipande vibaya zaidi), afadhali mnisikie mwenyewe.

Mnanijua. Mimi ndiye yule ambaye kanisani huuliza sadaka ya ujenzi imejenga nini, ndiye niliyemuuliza mhadhiri amejuaje kwamba alichoandika ubaoni ni kweli, na ndiye anayesoma maandishi madogo nyuma ya pakiti ya sumu ya panya. Chuo kilinifunza kutilia shaka kila kitu, kisha kikanirudisha Kasese kuchapa barua za watu katika duka la fotokopi.

Mnajua pia taabu yetu ya majina. Kwetu Wakonzo mtoto hupewa jina kwa zamu ya kuzaliwa, mvulana wa kwanza ni Baluku, wa tatu ni Masereka kama mimi, kwa hiyo kila nyumba kuanzia Maliba hadi mpakani ina Baluku wake, na mtu akikupa namba huwezi kuandika Baluku tu, lazima uongeze kitu cha kumtofautisha, kazi yake, kijiji chake, au (hapo ndipo nilipowapita wenzangu) tabia yake. Nilikuwa na Baluku Nyama, ambaye ana bucha. Nilikuwa na Baluku Mdeni, niliyemkopesha nauli akajisahaulisha. Baba yangu mdogo Bwambale, aliyenilea Bugoye baada ya baba kufa, nilimwandika Baba Mdogo Kelele. Sikuona ubaya wowote. Niliona orodha ya simu ni kama kichwa cha mtu, nani atakuja kuchungulia humo?

Basi kulikuwa na Kavira. Jina hilo upande wetu wa mpaka ni Biira, lakini wazazi wake walitoka Butembo, upande wa Kongo, wakahamia Bwera na biashara ya vitenge, na yeye alibaki Kavira. Tulikuwa tumependana muda wa kutosha hadi baba yake akasema nije na mzee wangu, nionekane, tupange siku ya mahari. Mahari kwetu ni mbuzi, na ingawa siku ya kuonekana si siku ya kutoa mbuzi, nilijiambia kwamba msomi asiye na kazi ya maana akiingia mikono mitupu watamwona ni maneno matupu vilevile. Nikataka kwenda na mbuzi mmoja, dume, wa kufunga midomo.

Wakati huohuo mama yake akaanza kunipigia simu. Asubuhi anapiga, jioni anapiga. Rafiki mmoja aliyeoa karibu na mpaka alikuwa amenionya kwamba mama mkwe akianza kupiga hivyo ujue anaongeza vitu, sukari ya shangazi, kitenge cha bibi, sabuni ya jirani. Nilipokea mara ya kwanza, mtandao ukakatika kabla hajasema kitu. Baada ya hapo sikupokea tena, na ili nisije nikajisahau nikiwa kazini, nikabadilisha jina lake kwenye simu nikaandika: Mama Kavira Usipokee.

Pesa ya mbuzi sikuwa nayo. Kuna zile programu za mkopo za simu, unapakua moja, unaandika jina, unapiga picha ya kitambulisho, pesa inaingia kabla chai haijapoa. Niliyoipakua mimi ikaniuliza kama naruhusu isome majina yaliyomo kwenye simu yangu, na kama naruhusu ione simu zinazoingia na kutoka. Mimi, msomaji wa pakiti za sumu, nikabonyeza Ruhusu, Ruhusu, kwa kidole gumba, huku mteja ananiharakisha nimtolee nakala ya cheti.

Siku ya kulipa ilifika kabla ya siku ya kwenda Bwera, mshahara haukuja, na watu wa kufuatilia madeni wakaanza. Walipiga kwa adabu, kisha bila adabu. Nikafanya hesabu ya msomi: wananijua kwa namba, nikiondoa namba watanishika wapi? Nikatoa laini, nikanunua nyingine, nikampa namba mpya Kavira na baba mdogo tu, nikalala vizuri.

Tulifika kwa kina Kavira Jumapili baada ya misa ya pili. Mbuzi nilimnunua palepale sokoni Bwera, nikamvuta kwa kamba hadi uani, baba mdogo akitembea mbele na koti lake la mazishi. Tulipewa viti. Baba yake Kavira, mtu mpole wa maneno machache, alituombea. Mama alimtazama mbuzi muda mrefu, halafu akanitazama mimi, akataka kusema kitu, akaacha. Kavira alileta soda. Baba mdogo alikuwa ndiyo kwanza ameanza kueleza ukoo wetu (na alikuwa anaeleza vizuri, namuonea huruma hadi leo) simu ya mama ilipolia mlio wa ujumbe.

Aliutazama, akausogeza mbali na macho, akampa Kavira.

"Hii iko Kiingereza," alisema. "Lakini ile neno ya juu mimi naielewa. Unisomee."

Kavira alisoma kimya. Niliuona uso wake ukifungwa kama duka.

"Soma, mwana," baba yake alisema.

Akasoma. Ujumbe ulisema Masereka amekopa na kukimbia, kwamba mpokeaji ni mtu wake wa karibu, amshauri alipe leo au jina lake litatangazwa kwa kila anayemjua. Hayo yote yalikuwa Kiingereza, akayageuza polepole. Ila mwanzoni kabisa, mahali pa jina la kumwamkia mtu, palikuwa na herufi kubwa ambazo hazikuhitaji kugeuzwa, MAMA KAVIRA USIPOKEE.

Kabla sijafungua mdomo, simu ya baba mdogo nayo ikalia. Alivaa miwani. Akasoma mstari wa kwanza, akaivua.

"Kelele," alisema. "Mimi ni Kelele."

"Baba mdogo, hiyo ni namna ya kutofautisha tu—"

"Kunitofautisha na nani? Una baba wadogo wangapi walio hai?"

Nikafanya kile ninachofanya siku zote nikibanwa, nikauliza swali. Nikasema huu ni uhalifu, hawa watu wamepata wapi namba za watu wasiohusika, lazima kuna mtu kwenye kampuni ya simu anauza. Baba mdogo akapiga ile namba iliyotuma ujumbe, akaweka sauti kubwa, akaishika simu katikati ya uani. Akapokea kijana mwenye sauti ya upole, akasema yeye ni afisa wa ufuatiliaji.

"Namba yangu umeitoa wapi?" baba mdogo aliuliza.

"Kwake mwenyewe, mzee. Hatukumtafuta mtu. Siku anakopa alitufungulia simu yake, tukachukua watu wake wote na majina kama alivyowaandika. Sisi hatubadilishi hata herufi."

"Na huyu mama hapa, anahusikaje?"

"Huyo ndiye tulianza naye." Nilisikia anabonyeza kitu. "Tunaangalia nani ana ukaribu na mteja. Huyo mama alimpigia kuliko watu wote. Kuliko hata wewe, mzee. Tukaona huyu ndiye anamjali."

Baba mdogo akakata simu. Mbuzi alikuwa anakula majani ya ua wao na hakuna aliyemfukuza.

"Ni kweli nilikuwa nakupigia," mama alisema. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Papa Kavira alisema, huyu mutoto hana kazi ya nguvu, asihangaike na mbuzi, akuje na muzee wake tu tusemezane. Nikasema nitamwambia miye mwenyewe, juu mwanaume akimwambia atapata haya. Nikapiga, nikapiga. Nikasema labda iko na mateso. Kumbe niko Usipokee."

Baba yake Kavira alisimama, akatushukuru kwa safari. Alisema deni ni kitu cha kawaida, yeye mwenyewe alivuka mpaka na madeni, hilo angelisahau. Akasema turudi na mbuzi wetu, nimuuze, nilipe. Kuhusu hayo mengine, alisema, watatuita. Kavira aliondoa chupa za soda, yangu ikiwa imejaa, akaingia ndani na hakutoka kutuaga.

Baba mdogo hakusema neno kutoka Bwera hadi Kasese. Ndiyo safari ya kwanza maishani ambayo nilimsikia amenyamaza.

Jioni Baluku, yule wa nauli, alinitafuta dukani, akanionyesha ujumbe wake kwa furaha kubwa. "Kaka, kati yetu sisi wawili, Mdeni ni nani?" Ndiye aliyewasambazia nyinyi, nami nimemsamehe na nauli yake.

Mkopo nimelipa, mbuzi alitosha kwa shida. Programu nimeifuta, na nimeapa kwamba kitu chochote kikiniomba ruhusa nitakisoma hadi nukta ya mwisho, ingawa najua kufuta kwangu hakufuti kule walikohifadhi, huko bado kuna mahali mama yule anaitwa vile. Kavira amejibu ujumbe wangu mmoja, akasema nimpe muda. Ile laini ya zamani nimeirudisha kwenye simu, na namba ya mama nimeiandika upya, Mama Kavira, basi, bila kuongeza kitu. Nimeiwekea mlio wake peke yake ili nisiukose hata nikiwa kwenye mashine ya fotokopi.

Bado haujalia.