Mchezo Alioupenda Marehemu Rafiki Yangu

Nilimwahidi rafiki yangu wa Bagira kwamba sitamwambia mtu mchezo wa video alioupenda kuliko yote. Vijana wa mtaa wetu tulizoea kukisiana michezo tuipendayo, naye aliogopa kuchekwa. Kisha akaenda Kamituga kuchimba dhahabu, na shimo likamfukia.

Kwenye kilio chake wenzetu walianza tena kukisia.

"Ni ule wa mupira," mmoja alisema.

"Wewe, acha! Ni ule wa vita. Muulize huyu, iko anajua."

Walinigeukia. Nilinyamaza kwa ajili ya ahadi, nao wakauchukua ukimya wangu kuwa ndiyo. Kesho yake, makaburini, msemaji wao alitangaza kwamba marehemu alipenda vita tangu utoto. Mama yake, aliyekimbia vita mara mbili akiwa na huyo mwana mgongoni, aliinamisha kichwa.

Alichopenda ni mchezo wa shamba: kupanda mahindi kwenye simu na kungoja yakomae. Nilichelewa kumwambia mama yake; uvumi ulikuwa umeshaenea. Ukifika Bagira ukasikia rafiki yangu akiitwa mpenda vita, tafadhali, kanusha.