Bitana ya Mshipa

Mtaani walimwita Mama Pindo, maana pindo likienda kombo hata kidogo alilifumua lote, mteja akiwa benchini amekunja uso. Akimpima mtu kiuno, mtu huyo alivuta tumbo ndani bila kuambiwa. "Pumua, ndugu yangu," alimwambia, "nguo haidanganywi." Binti yake wa pekee amekua akilicheka neno hilo.

Kichwa kilipoanza kumgonga, picha ya hospitali ilionyesha mshipa mmoja wa ubongo umetuna, na ukuta wake umekuwa mwembamba. Ukipasuka ni kifo. Daktari alipitisha mrija mwembamba kuanzia kwenye kinena hadi kichwani, akaacha humo stenti, kijibomba cha wavu wa chuma, ili damu ipite bila kupasukuma pale palipotuna.

"Kumbe mmenitia bitana, kama ya ndani ya koti," Mama Pindo alisema alipozinduka.

Daktari alicheka, kisha akakaza uso. "Mama, hivi vidonge vinazuia damu isigande kwenye ule wavu. Usiruke hata siku moja. Ikiganda, mshipa unaziba."

Akavimeza kwa utii, akarudi kwenye cherehani. Lakini fundi hajichomi sindano mara moja. Zamani alinyonya kidole akaendelea na kazi. Sasa damu ilitoka na haikukoma. Na kazi iliyokuwa mezani ilikuwa gauni jeupe la harusi ya binti yake, ambalo hakukubali mkono mwingine uliguse.

Binti alipokuja kulijaribu, aliona madoa matatu kifuani.

"Mama, jamani, nitavaaje hii? Si bora ungempa fundi mwingine?"

Mama alifumua kile kipande, akakata kipya.

Gauni lilitoka jeupe pe. Jirani aliyefuata mashuka yake ndiye aliyemkuta fundi sakafuni, mdomo umekwenda upande. Hospitalini daktari alifungua mkoba wa mgonjwa, akakuta vidonge vya siku tisa havijaguswa. Binti alihesabu siku kimoyomoyo, akafika kwenye yale madoa. Mama aliviacha ili akijichoma damu ikome upesi.

"Nani alimwambia aache?" daktari aliuliza.

"Mimi," binti alijibu.

Wanasema mdomo uliponza kichwa. Huu wake uliponza kichwa cha mama yake.

Harusi imeahirishwa. Mkono wa kulia wa mama umelala juu ya shuka kama si wake, na katika maneno yake yote limebaki moja. Muulize kama anataka maji, muulize kama anaumwa, atajibu "bado". Daktari ameeleza kwamba mgonjwa halichagui, ndilo pekee lililookoka. Binti anaelewa kabisa. Kila jioni anamlisha uji, anamfuta kidevu, na bado hawezi kujizuia kuuliza.

"Mama, umenisamehe?"

Mama anamtazama kwa upendo wote, anahangaika na midomo.

"Bado."