Laini Mbili Zilizokatika Pamoja

Mama alisema, "Amenikatia." Kisha akageukia ukutani.

Nilikuwa nimemshikia simu mbele ya uso. Kaka yangu, aliye Maskati, alikuwa amekwama kwenye kioo mdomo wazi, hata neno radhi hajalimaliza. Nikamwambia, "Hakukata, mama, ni intaneti." Nikashuka mbio hadi barazani nikampigia simu ya kawaida. "Mpe mama, mpe!" akahimiza. Nikapanda naye, na kwenye ngazi ya tatu sauti ikapotea. Nyumba zetu hizi za mawe za Mji wa Kale, kuta nene, simu haishiki ndani. Nilipanda na kushuka mara tatu. Mama hakuwa wa kubebwa. Magharibi haijaadhiniwa, alikuwa keshakufa.

Kaka aliondoka kwa ugomvi, na miaka mingi hawakusemezana. Mama alipozidiwa ndipo akakubali: aombwe radhi na mwanawe mwenyewe, amuone, si kuletewa maneno na mimi. Tajiri wa kaka akamnyima ruhusa ya kuja. Huyo naye simsahau.

Intaneti yetu ilikuwa ikikatika kila siku, basi nikamwendea fundi mwenye duka Makupa. Akanambia niweke laini za kampuni mbili, yeye aziunganishe kwenye kisanduku kimoja. Zikiwa hai zote, mbio zinaongezeka. Moja ikifa, nyingine inashika na wala hujui.

"Ni kama wake wawili, dada. Mmoja akinuna, mwengine atapika."

"Na wakinuna wote?"

"Hawa hata hawajuani!"

Nikacheka, nikaweka zote mbili. Mimi niliishia darasa la tano, ningejua nini?

Baada ya hitma ya mama nilitoka nje nikazifuata zile nyaya kwa macho. Zote mbili zilipita ukuta wa jirani na kuingia kwenye waya mmoja mnene, na huo umekatwa. Jirani alikuwa akibandua chokaa ya zamani, akaupiga tindo. "Nilidhani ni waya mfu," akasema. Kuta zetu zimejaa nyaya zilizokufa, hakuna anayeziondoa, lakini kuuliza kungemshinda nini?

Akaja mtu wa kampuni ya pili kutengeneza. Akasema wao hawana waya wao mtaani, wanakodi wa ile ya kwanza.

"Fundi wangu alijua?"

"Mama, sote twajua."

Nilipomwendea fundi, alinijibu bila hata kuinua kichwa: "Kisanduku changu ni kizima."

Kaka hunipigia kila Ijumaa. Swali ni lile lile: mama alisema nini? Namwambia alilala. Haniamini.

Fundi, wewe uliyejua. Nyinyi wa kampuni, mliouza waya wa wenzenu kama wenu. Nawe jirani na tindo lako. Nambari ya kaka yangu ninayo. Mmoja wenu ampigie, amwambie mama alikufa akidhani nini.