Mkate Ulioumukia Katika Mtumbwi wa Rubisi

Walisema mkate hauwezi kuokwa kijijini kwetu Ihanda ukalika. Walisema mtoto wa mkulima wa migomba na kahawa amekaa Dar es Salaam miaka mitatu, akarudi na karatasi. "Karatasi haiumuki," aliniambia jirani yangu Mzee Kaijage, mtengeneza rubisi, pombe yetu ya ndizi, mbele ya watu, nao wakacheka.

Mwanangu, karatasi ile ni stashahada ya uokaji, na mpaka leo imetundikwa ukutani kwangu. Leo mikate yangu inapanda bodaboda kila asubuhi mpaka Isingiro. Najisifu, kwa kuwa niliijenga kazi hii kwa mikono yangu. Lakini iko Jumamosi moja ambayo sitaki uisahau, maana nusura nimfilisi mama wa watu kwa kiburi changu.

Nilirudi na trei na ujuzi tu. Matofali ya tanuri niliazimwa na fundi wa kijijini, kuni nikaazimwa na jirani mwingine. Nilipopata oda ya mikate ya sherehe ya kipaimara, unga ulitoka kwa Mukamana, ambaye wazazi wake walihamia kwetu kutoka Rwanda. Alikuwa akikaanga maandazi kwenye kijiwe cha bodaboda. Alinipa mfuko wake mzima wa ngano.

"Kaka, huo ndio mtaji wangu wote," alisema. "Jumatatu nisipouona mwingine, sikaangi. Na watoto watakula nini?"

Mzee Kaijage naye aliniletea mtumbwi wake, lile gogo lililochongwa ambamo ndizi mbivu hukanyagwa kutoa juisi ya rubisi. Alisema nikandie humo. Nilimjibu kwamba chuoni tulifundishwa kukandia juu ya meza. Akauacha nje, akaenda zake.

Jumamosi hiyo ukungu ulikuwa umekalia migomba. Watu walikuja kutazama, nami nikawapa somo. Niliwaambia kwamba zamani sana watu waliacha unga uliolowa mpaka ukachacha, wakauoka hivyo hivyo, wakakuta umekuwa mwepesi na mtamu kuliko chapati ngumu walizozoea. Nikawaonyesha hamira, nikaeleza kwamba hiyo ndiyo inayoumua, chumvi huleta ladha, sukari huilisha hamira. Nikakanda nusu ya mfuko mpaka donge likawa laini kama shavu la mtoto, nikaliweka mezani, nikatazama saa. Chuoni, donge liliumuka kwa saa moja.

Saa moja ikapita, donge halijasogea. Badala ya kungoja niliongeza hamira, nikakanda tena kwa hasira, nikasukuma trei ndani ya tanuri.

Mikate ilitoka mizito, inanuka hamira. Mzee Kaijage aliuchukua mmoja, akaugonga kwa kidole.

"Fundi, hili ni tofali la nyumba au la choo?"

Watu walivunjika mbavu. Mukamana hakucheka. Alikuwa ameshika mdomo wa mfuko kwa mikono miwili, anatazama nusu iliyobaki.

"Huko chuoni kulikuwa na baridi hii?" mzee akaniuliza.

"Hapana, mzee. Joto."

"Na hiyo hamira, ni kitu hai au ni kama chumvi?"

"Ni hai."

"Basi umeilaza nje bila blanketi, halafu unaipiga kwa kuwa haikuamka!"

Nilikuwa na majibu mengi, mwanangu, ya kitaalamu kabisa. Nikaitazama mikono ya Mukamana, nikayameza. "Nifundishe, mzee," nikasema.

Aliniambia nioshe mtumbwi kwa maji ya moto mpaka gogo lishike joto. Maji ya hamira niliyapima kwa kiwiko, yawe ya uvuguvugu, nikangoja mpaka povu lipande. Tulikandia mtumbwini, tukafunika kwa majani ya mgomba yaliyopitishwa motoni, tukausogeza karibu na jiko, kama anavyoilaza rubisi yake. Kisha akanivua saa mkononi, akaitia mfukoni mwake.

"Utazame unga," akasema.

Tulingoja mpaka jua likapita utosi. Nilipobonyeza kwa kidole, shimo lilirudi polepole, na majani yalikuwa yameinuliwa. Nusu mfuko haukutosha mikate, kwa hiyo nilikwenda kwa wazazi wa watoto, nikawaeleza kosa langu, nikawaomba wapokee skonzi. Jumapili kila mtoto wa kipaimara alipata yake. Haikubaki hata moja.

Jumatatu, mfuko mpya niliounua kwa fedha ya skonzi ulikuwa mlangoni kwa Mukamana kabla hajawasha jiko. Madeni yaliyobaki yalinichukua msimu mzima wa kahawa kuyalipa.

Nasaha yangu ni hii. Soma, upate karatasi, uitundike watu waione. Lakini kabla hujaanza kazi, uliza baridi na joto la mahali ulipo, na umuulize anayeishi hapo, hata kama alikucheka jana. Ukiharibu cha mtu, nenda ukaseme mwenyewe. Na kitu hai usikiharakishe, kiwe unga, kiwe mtoto, au jina lako unalolitafuta.

Mtumbwi niliurudisha mwisho, siku nilipomaliza kulipa matofali na kuni. Niliupeleka umejaa mikate ya moto, umefunikwa majani ya mgomba.

"Shikamoo, mzee. Leo sina cha mtu."

"Marahaba. Na karatasi?"

"Bado haiumuki, mzee."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akanirudishia saa yangu.

Nakuombea, mwanangu, Mungu akupe mikono yenye joto na watu wa kukuazima. Na akufikishe siku ya kurudisha cha kila mmoja, kikiwa kimejaa.